Damu Haitulii Ndani ya Kichupa: Uhifadhi Unavyobadili Viashiria vya Pombe katika Sampuli za Uchunguzi

Cheti cha maabara kinachosema kwamba damu ya dereva ilikutwa na miligramu 92 za ethanoli katika kila mililita 100 kinaeleza hali ya damu ile siku ilipoingizwa kwenye mashine. Mahakama, kwa upande wake, inataka kujua damu hiyo ilikuwaje ilipokuwa bado ndani ya mishipa ya dereva, barabarani, pengine wiki tatu kabla ya kipimo. Kati ya siku hizo mbili sampuli imelala mahali: juu ya meza ya kituo cha polisi, ndani ya buti la gari, kwenye jokofu la hospitali ya wilaya, kisha kwenye friza ya maabara. Wanaobishania vyeti hivi hupenda kuuliza kuhusu mashine, ilikaguliwa lini na nani aliyeiendesha, ilhali mashine za siku hizi, zinazotenganisha mvuke wa vimiminika kwa kromatografia ya gesi, hukosea kidogo sana. Swali lenye uzito zaidi ni kule ambako sampuli ililala, kwa joto gani, na ikiwa na dawa gani ya kuihifadhi.

Ugumu wa jambo hili hautokani na ethanoli peke yake. Maabara za leo hupima pia alama ambazo pombe huziacha mwilini baada ya yenyewe kuondoka: ethili glukuronidi, inayofupishwa EtG, ethili salfati, au EtS, fosfatidili-ethanoli, au PEth, na protini ya damu iliyopungukiwa sukari, iitwayo CDT. Kila kimoja kati ya viashiria hivi kina tabia yake kikiwa nje ya mwili. Hifadhi inayokiokoa kimoja huweza kukiharibu kingine, na mara nyingine hukizalisha pale ambapo hakikuwapo kabisa. Kwa sababu hiyo agizo la jumla la kuweka sampuli mahali pa baridi, ambalo kila mhudumu wa afya analijua, halitoshi.

Tuanze na ethanoli inavyopotea, kwa sababu katika damu iliyotolewa kwa mtu aliye hai upotevu ndio unaotokea mara nyingi zaidi. Njia moja ya upotevu ni ya wazi: ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na hugeuka mvuke kwa urahisi, hivyo kifuniko kilicholegea, au kichupa kinachofunguliwa mara kwa mara ili kuchota damu ya vipimo vingine, huiruhusu iondoke kidogo kidogo. Kichupa kilichojazwa nusu kina nafasi kubwa ya hewa juu ya damu; sehemu ya ethanoli huhamia katika hewa hiyo, na kila kifuniko kinapofunguliwa hutoka nayo.

Njia ya pili haionekani kwa macho, na kifuniko kilichobana hakiizuii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanakemia wa Uingereza walionyesha kwamba ndani ya damu nzima ethanoli huoksidishwa taratibu kuwa asetaldehidi kwa kutumia oksijeni iliyoshikwa na himoglobini ya chembe nyekundu. Hakuna kijidudu kinachohitajika hapo, wala kimeng'enya. Ni kemia tupu, na kasi yake hupanda pamoja na joto. Kwenye jokofu la nyuzi 4 mwendo wake ni mdogo, kiasi kwamba sampuli nzuri hupoteza miligramu chache tu hata ikikaa miezi mingi. Kwenye chumba chenye joto la nyuzi 30 mwendo huo huongezeka sana. Hewa iliyomo katika kichupa kilichojazwa nusu huleta oksijeni ya ziada, na kwa hiyo kosa moja la kutojaza kichupa hufungua milango yote miwili ya upotevu kwa pamoja. Plazima, yaani majimaji ya damu, ikitenganishwa na chembe nyekundu haina tatizo hili la pili, kwa kuwa himoglobini haimo.

Upotevu wa namna hii humsaidia mshtakiwa, na ndiyo maana watu wengi huuona kama kasoro isiyo na madhara. Mimi sikubaliani na mtazamo huo. Aliyegongwa na gari naye ana haki ndani ya kichupa kile, na damu iliyopoteza miligramu 15 kwa uzembe wa kuhifadhi imemnyima ushahidi wake.

Upande wa pili wa mambo ni ethanoli kuzaliwa ndani ya kichupa. Mgema wa pwani anajua kwamba tembo la mnazi lililoteremshwa asubuhi likiwa tamu huwa kali kufikia jioni bila mtu kulitia kitu, kwa kuwa chachu iliyomo hula sukari na kuigeuza pombe. Damu na mkojo vinaweza kufanya vivyo hivyo vikiwa na mambo matatu: sukari, kijidudu chenye uwezo wa kuchachua, na joto la kutosha. Fangasi aina ya Candida albicans, anayeishi juu ya ngozi na ndani ya miili ya watu wengi wenye afya njema, ndiye anayetajwa zaidi katika kazi hii.

Hapa hesabu ndogo inasaidia kuliko maneno mengi. Kemia ya uchachukaji inasema kwamba gramu 180 za glukosi, zikichachuka zote bila kubaki, hutoa gramu 92 za ethanoli, yaani zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake. Mtu mwenye afya aliyefunga kula ana glukosi ya takribani milimoli 5.5 kwa lita ya damu, ambayo ni sawa na miligramu 99 katika mililita 100. Hata chembe yote ya sukari hiyo ikigeuzwa pombe, kiwango cha juu kabisa kinachowezekana ni karibu miligramu 51. Kikomo cha dereva katika England na Wales ni miligramu 80, kwa hiyo dereva mwenye sukari ya kawaida ambaye hakunywa hata tone hawezi kuvukishwa kikomo hicho na uchachukaji wa glukosi ya damu yake peke yake. Lakini aliyekunywa kidogo na kuwa na miligramu 50 za halali anaweza kuvukishwa. Katika Uskoti, ambako kikomo kimekuwa miligramu 50 tangu Desemba 2014, kwa hesabu hii nafasi ya usalama haipo tena.

Sasa chukua mtu mwenye kisukari ambaye glukosi yake imefika milimoli 20 kwa lita. Hizo ni miligramu 360 katika mililita 100, na kwa hesabu ileile zinaweza kutoa hadi miligramu 184 za ethanoli. Mkojo ni hatari zaidi. Mgonjwa wa kisukari asiyedhibitiwa anaweza kutoa mkojo wenye gramu 10 za sukari kwa lita au zaidi, na mkojo huo, tofauti na damu ya mshipani ambayo kwa kawaida haina vijidudu, hupita kwenye ngozi na sehemu za siri ambako Candida hukaa. Kwa nadharia mkojo huo una uwezo wa kuzalisha zaidi ya miligramu 500 za ethanoli katika kila mililita 100. Hali halisi haifiki huko kila mara, kwa kuwa fangasi huhitaji muda na vijidudu vingine hugombania chakula hichohicho; hata hivyo kikombe cha mkojo kilichoachwa usiku kucha juu ya meza katika mji wenye joto kinatosha kumfanya mtu asiyekunywa aonekane mlevi.

Kinga ya kawaida dhidi ya uchachukaji ni sodiamu floridi. Chumvi hii hukizuia kimeng'enya enolasi, kilicho karibu na mwisho wa safari ya kuvunja glukosi, na kwa kuwa chachu na bakteria wengi hutumia njia hiyohiyo, kazi yao husimama. Pamoja nayo huwekwa potasiamu oksaleti, inayozuia damu isigande. Mjini na vijijini vichupa hivi hutambulikana kwa kifuniko cha kijivu, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu vichupa vya kijivu si vya aina moja. Kile kinachotengenezwa kwa ajili ya uchunguzi wa jinai, cha mililita 10, kina miligramu 100 za floridi, yaani miligramu 10 kwa kila mililita ya damu. Kile kidogo cha hospitali kinachotumika kupimia sukari huwa na miligramu 5 kwa mililita 2, yaani miligramu 2.5 tu kwa mililita. Rangi ni ileile, nguvu ni robo. Kiwango hicho cha chini kinatosha kuituliza sukari hadi daktari apate jibu mchana uleule, lakini hakitoshi kumnyamazisha fangasi kwa wiki tatu. Muuguzi anayeletewa dereva saa nane za usiku huchukua kichupa kilicho karibu, na hawezi kulaumiwa kwa kutofautisha rangi badala ya miligramu. Jukumu hilo ni la anayesambaza vifaa, ambaye angepaswa kuviweka vichupa vya jinai katika pakiti yake, iliyofungwa na yenye maandishi.

Floridi nayo ina mipaka yake. Haizuii ule uoksidishaji wa himoglobini, wala haifanyi kazi ikibaki unga chini ya kichupa, ndiyo sababu mtoa damu anatakiwa kukipindua kichupa taratibu mara kadhaa mara tu baada ya kukijaza. Tena chumvi nyingi ndani ya damu husukuma ethanoli itoke kwa wingi zaidi kuingia kwenye mvuke, na kwa kuwa mashine hupima mvuke huo, kichupa chenye damu kidogo na floridi ileile nyingi kingeweza kusomeka juu kuliko haki. Maabara makini hulizuia hilo kwa kuizimua damu mara kumi hivi kwa maji yenye kiasi kinachojulikana cha propanoli au butanoli, ambazo ni alkoholi za aina nyingine, ili sampuli na vipimo vya kulinganishia vilingane hali.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 kuhusu watenda makosa ya barabarani inaonyesha vizuri jinsi uhifadhi unavyoweza kuigawa damu moja kuwa ushahidi wa aina mbili. Damu ya dereva inapochukuliwa hugawanywa sehemu mbili papo hapo, na dereva akiomba hupewa sehemu moja ili aipeleke kwa mpimaji wake mwenyewe. Ya polisi huingia jokofuni. Ya dereva huenda ikakaa mfukoni mwa koti, kisha kwenye dashibodi ya gari, kisha nyumbani kwa siku nyingi kabla ya kutumwa kwa posta. Mpimaji wa dereva akipata 83 na wa polisi akapata 92, wote wawili wanaweza kuwa wamepima kwa usahihi kabisa. Maabara za huko zina desturi ya kupunguza miligramu 6 kwenye matokeo yaliyo chini ya 100, au asilimia 6 kwa yaliyo juu yake, kabla ya kuandika kwamba damu ilikuwa na kiasi kisichopungua fulani. Punguzo hilo ni la haki na linastahili kuigwa, lakini linafunika kutokuwa na uhakika kwa kipimo chenyewe tu, na halijagusa yaliyotokea kabla kichupa hakijafika maabara.

Mtu aliyefariki analeta ugumu mkubwa zaidi, kwa kuwa mwili wenyewe ndio chombo cha kwanza cha kuhifadhia sampuli. Saa chache baada ya kifo ukuta wa utumbo hulegea, bakteria na chachu huvuka kuingia kwenye mishipa, na hukutana na sukari inayotoka kwenye akiba ya ini. Joto huharakisha yote hayo, na vivyo hivyo majeraha makubwa yanayofungua tumbo na mwili kukaa majini. Kutokana na hilo damu ya moyo, iliyo karibu na tumbo na ini, haifai kutegemewa. Wachunguzi huchota damu ya mshipa wa paja, mkojo uliomo kibofuni, na ute wa ndani ya jicho. Jicho liko mbali na utumbo na limefungwa vizuri, kwa hiyo vijidudu hulifikia kwa kuchelewa. Ute wake una maji mengi kuliko damu, na kwa aliyekunywa kweli, baada ya pombe kusambaa mwilini, huwa na ethanoli ya takribani mara 1.2 ya ile ya damu. Damu ikionyesha miligramu 70 na jicho lisionyeshe kitu, kuna sababu nzito ya kuamini kwamba pombe hiyo haikupita kinywani.

Tarehe 19 Aprili 1989 mlipuko uliwaua mabaharia 47 ndani ya mnara wa mizinga wa manowari ya Marekani USS Iowa, ikiwa katika mazoezi ya baharini. Mnara ulijazwa maji ili kuzuia moto usisambae, na miili ikakaa humo. Meli za kivita za Marekani zimekatazwa pombe tangu 1914, lakini vipimo vilikuta ethanoli katika baadhi ya miili. Ripoti ya kitaalamu iliyotolewa 1992 iliieleza kama zao la vijidudu baada ya kifo. Nafikiri kila anayesoma cheti cha marehemu angefaa kuikumbuka meli hiyo, kwa sababu bila kulinganisha viungo mbalimbali vya mwili mmoja, namba za damu peke yake zingeweza kuwapaka matope watu wasioweza kujitetea, na kuziumiza familia zao mara ya pili.

Uozo huacha pia alama nyingine: vijidudu vinavyotengeneza ethanoli mara nyingi hutengeneza pamoja nayo propanoli na butanoli kidogo. Mchunguzi akiziona anapata sababu ya kushuku. Hapa kuna jambo dogo la maabara lenye matokeo makubwa. Maabara inayotumia propanoli kama kipimo cha kulinganishia huwa imeitia kwa mkono wake ndani ya kila sampuli, na kwa kufanya hivyo imejiziba macho isiweze kuiona ile iliyotokana na uozo. Kwa miili ya marehemu inafaa zaidi kutumia butanoli ya aina ambayo vijidudu havitengenezi.

Ni kwa sababu ya matatizo haya ya ethanoli kwamba EtG na EtS zilipokelewa kwa furaha kubwa. Ini la mtu aliye hai huchukua sehemu ndogo mno ya pombe iliyonywewa, chini ya sehemu moja katika elfu, na kuiunganisha na asidi ya glukuroni au na salfati. Zao hilo hubaki katika mkojo kwa siku kadhaa baada ya ethanoli yenyewe kuisha. Chachu haina mitambo ya kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo mkojo wenye ethanoli nyingi usio na EtG wala EtS unatoa ushahidi mzito kwamba pombe ilizaliwa nje ya mwili, au ndani ya mwili baada ya kifo. Wachunguzi wa ajali za ndege wa Marekani, wanaopokea masalio ya marubani kutoka mbali na kwa kuchelewa, wametumia kwa lengo hilohilo uwiano wa mazao mawili ya serotonini, kemikali ya asili ya mwili, katika mkojo, 5-HTOL na 5-HIAA, ambao hupanda mtu anapokunywa na hautikiswi na uchachukaji.

Hata hivyo EtG ina adui wake. Bakteria Escherichia coli, anayesababisha maambukizi mengi ya njia ya mkojo, hasa kwa wanawake, ana kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidasi kinachoukata muungano ule na kuirudisha ethanoli. Mwaka 2005 watafiti wa Stockholm, Anders Helander na Helen Dahl, walionyesha kwamba EtG katika mkojo wenye bakteria huyo hupotea sampuli ikikaa kwenye joto la chumba, wakati EtS ya mkojo uleule inabaki. Aliyekunywa anaonekana hakunywa. Miaka miwili baadaye kundi la Helander lilionyesha kinyume chake: mkojo wenye E. coli na ethanoli unaweza kutengeneza EtG mpya ndani ya kikombe.

Ukiyaunganisha hayo mawili na habari ya kisukari, unapata mfululizo unaotia hofu. Mwanamke mwenye sukari katika mkojo, mwenye Candida na mwenye maambukizi ya E. coli, anatoa sampuli ambayo inaachwa nje ya jokofu. Fangasi anaigeuza sukari kuwa ethanoli. Bakteria anaichukua ethanoli hiyo na kuifanya EtG. Cheti kinatoka na ethanoli juu na EtG juu, vyote viwili vikithibitishana, ilhali hakunywa kitu. EtS pekee ndiyo inayomtetea, kwa kuwa bakteria huyo haitengenezi. Kupima EtG bila EtS, kwa ajili ya kupunguza gharama, ni kuondoa shahidi ambaye ndiye angeweza kulisahihisha jambo. Jokofu na floridi, vikitumika tangu dakika za mwanzo, huuzuia mfululizo huu usianze.

PEth ndiyo inayoipindua desturi yote. Hii ni mafuta ya ukuta wa chembe nyekundu za damu, yanayotengenezwa na kimeng'enya fosfolipasi D pale tu ethanoli inapokuwapo, na katika mwili wa mtu nusu yake huisha kwa muda wa takribani siku 4 hadi 10. Ndiyo maana hutumika kueleza unywaji wa wiki kadhaa. Makubaliano ya wataalamu yaliyofikiwa Basel mwaka 2022 yaliweka ngazi mbili kwa aina yake kuu: nanogramu 20 kwa mililita kutenganisha asiyekunywa au anayekunywa kidogo sana na anayekunywa, na nanogramu 200 kuonyesha unywaji mzito wa mara kwa mara. Katika Ujerumani na Uswisi namba kama hizo huweza kuamua iwapo mtu atarudishiwa leseni yake ya udereva.

Shida ni kwamba kimeng'enya kile hakijui kuwa damu imetoka mwilini. Maadamu ethanoli imo kichupani na chembe nyekundu zimo, kinaendelea na kazi. Floridi, ambayo ni ngao ya ethanoli, haikizuii. Na friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambayo kwa ethanoli ni kimbilio zuri kabisa, imeonyeshwa kuwa mahali ambapo PEth huendelea kuongezeka katika damu yenye pombe. Kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri ongezeko husimama. Fikiria basi kijana aliyelewa usiku mmoja wa harusi, mwenye miligramu 200 za ethanoli, ambaye damu yake imewekwa kwa uangalifu wote kwenye friza ya kituo kwa miezi miwili. Ethanoli itasomeka sawasawa. PEth itasomeka juu kuliko ilivyokuwa, na mtu wa usiku mmoja ataandikwa kama mnywaji wa muda mrefu. Hakuna aliyefanya uzembe. Walifuata utaratibu wa kiashiria kimoja na kuutumia kwa kingine. Njia iliyo nafuu kwa mahali pasipo na friza kali ni kudondosha damu mara moja juu ya karatasi maalumu ya kuchuja na kuiacha ikauke, kwa kuwa damu iliyokauka haimpi kimeng'enya maji ya kufanyia kazi.

CDT haihitaji maelezo marefu. Ni transferini, protini inayobeba chuma katika damu, iliyopungukiwa minyororo ya sukari yenye asidi ya sialiki kutokana na unywaji mwingi wa wiki moja au mbili, na bakteria katika sampuli iliyochafuka wanaweza kuikata asidi hiyo wao wenyewe na kuiga alama ya ulevi. Katika damu ya marehemu iliyopasuka chembe haifai. Nywele ni kinyume cha vyote: hazitakiwi jokofuni wala kwenye mfuko wa plastiki unaoshika unyevu. Hufungwa katika karatasi ya aluminiamu na bahasha, zikakaa pakavu, kwa sababu EtG huyeyuka kwa urahisi katika maji na nywele iliyolowa huipoteza.

Kwa Afrika Mashariki mambo haya hayako mbali. Vyumba vyetu vina joto la nyuzi 30 kwa miezi mingi ya mwaka, umeme hukatika, na kutoka zahanati ya pembezoni hadi ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, iwe Mwanza, Mbeya au Mtwara, ni safari ya saa nyingi kwa gari. Lakini uwezo upo. Vituo vya afya vya ukanda huu vimekuwa vikisafirisha chanjo kwa nyuzi 2 hadi 8 kwa miongo mingi, vikitumia masanduku ya baridi, vipande vya barafu na daftari la kuandika joto asubuhi na jioni. Sanduku la namna hiyo, likitengwa kwa ajili ya sampuli na lisichanganywe na chanjo, linaweza kuilinda damu ya dereva kwa safari nzima.

Kwa upande wa sheria, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufani ya Jinai Na. 110 ya 2007, ilisisitiza haja ya kumbukumbu za maandishi zinazoonyesha kwa mfuatano kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa na kilivyochunguzwa. Kanuni hiyo ilijengwa ili kuhakikisha kwamba kielelezo hakikubadilishwa na mkono wa mtu. Damu inabadilika bila mkono wa mtu. Karatasi yenye saini za kila aliyeipokea, isiyosema ilikaa kwa joto gani, katika kichupa chenye floridi kiasi gani, kilijazwa hadi wapi na kilifunguliwa mara ngapi, inathibitisha kwamba ni kichupa kilekile, na haijathibitisha kwamba ni damu ileile. Kipimajoto kinachoshika kiwango cha juu na cha chini ndani ya jokofu si kifaa cha gharama kubwa, na kusoma namba zake kwa sauti mahakamani kungeokoa mabishano mengi.

Swali hili hufika kilele wakili anapoomba sampuli ipimwe upya baada ya miaka miwili. Jibu la pili likiwa chini kidogo ya la kwanza, hilo ni jambo la kutarajiwa, na halimtii hatiani wala halimsafishi mtu. La kwanza ndilo lililo karibu zaidi na siku ya tukio. Likiwa chini sana, ni lazima kutazama kifuniko, ujazo na historia ya joto kabla ya kuilaumu maabara. Likiwa juu kuliko la kwanza kwa tofauti inayozidi makosa ya kipimo, huko ndiko kwenye mashaka ya kweli: floridi ipimwe kiasi chake, glukosi iliyobaki ipimwe, fangasi atafutwe kwa kuoteshwa, na kama sehemu ya mkojo wa siku ile ipo, EtS itafutwe humo. PEth isiombwe kutoka kwenye kichupa hicho, isipokuwa kama sehemu yake iliwekwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri tangu siku ya kwanza.